Laini Iliyozama Micheweni: Kisa cha Mpwa Wangu na Akaunti Yake ya Unguja

Simu ilikuja Alhamisi, tarehe 2 Januari 2025, saa nne kasorobo asubuhi, nami niko barazani kwangu Kiembesamaki nakunywa chai.

"Mjomba, shikamoo. Kadi imekataa."

Nikamuuliza imekataa wapi.

"Kila pahala. Jana dukani, leo kwenye mashine mbili. Programu ya benki nayo imenifungia. Mfukoni nina ringiti kumi na moja."

Ni mtoto wa dada yangu wa Micheweni, kisiwani Pemba. Kazi yake kuhariri video, wateja wake wako Uingereza na Ujerumani, na tangu Januari 2024 anaishi Kuala Lumpur. Ni katika hawa vijana ambao ofisi yao ni kompyuta ya mapajani, palipo na intaneti ndipo kwao. Malaysia iliwafungulia mlango watu wa namna hiyo mwaka 2022 kwa kibali kinachoitwa DE Rantau, cha miezi 3 hadi 12, ambacho mtu wa fani za kidijitali hukipata akionesha kipato cha zaidi ya dola 24,000 kwa mwaka. Malipo yake yote huingia kwenye akaunti ya dola aliyoifungua hapa Unguja, kwenye benki ambayo sitaitaja jina. Kule hakuwa na akaunti yoyote. Ana ya hapa, inamtosha, na kadi yake inatoa fedha popote. Ndivyo alivyoona.

Mimi nimekaa kaunta ya benki miaka 19 kabla ya kustaafu, ndiyo maana akanipigia mimi na hakumpigia baba yake. Nakiandika kisa hiki kwa ruhusa yake, kwa sababu kila anayekisikia hulaumu pasipo. Wengine wanailaumu benki, wengine Malaysia. Mimi nalaumu kijikadi cha plastiki ukubwa wa ukucha.

Alichokiacha nyuma

Alipoondoka alinunua laini ya kule. Laini yake ya Tanzania, ile ambayo ndiyo iliyoandikwa benki, aliichomeka kwenye kisimu cha kitochi akamwachia mdogo wake wa kike Micheweni. Mpango wao ulikuwa hivi: benki ikituma zile tarakimu sita za kuthibitisha, mdogo mtu anazisoma na kumtumia kaka yake kwa WhatsApp. Walijiona wajanja. Kuala Lumpur imetutangulia saa tano, kwa hiyo kaka akiamka saa mbili asubuhi kulipa kitu, Micheweni ni saa tisa usiku, na binti wa watu akawa analala na kitochi chini ya mto. Miezi mitano mambo yalikwenda hivyo.

Ningeulizwa mapema ningesema hapana. Kwa macho ya benki, anayezipokea tarakimu zile ndiye mwenye fedha. Na hapa kwetu nani hajawahi kupata ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii"? Nani hajapigiwa na mtu anayejifanya mtoa huduma? Binti aliyezoea kusoma tarakimu kila wiki, iko siku atamsomea asiye wake. Bahati nzuri hilo halikutokea. Lililotokea lilikuwa la kawaida kabisa.

Juni ile lilikuwa bamvua, maji yamekupwa mbali, binti akaenda na mama yake kwenye shamba la mwani. Kitochi kilikuwa kwenye pindo la kanga, kimefungwa fundo pamoja na noti ya elfu mbili. Wakawa wanafunga mbegu kwenye kamba kwa taitai, vile vikamba vyembamba, mpaka maji yakaanza kujaa, wakakimbilia kuliokoa gunia la mwani uliokwisha kuvunwa, na fundo likafunguka. Noti waliiona inaelea wakaiokota. Kitochi hawakukiona mpaka maji yalipokupwa tena kesho yake, kimelala ubavuni mwa kigingi, kimejaa mchanga.

Binti aliianika laini juani, akaijaribu kwenye simu ya jirani, wapi. Akapanda gari hadi Wete, kwenye duka la laini. Wakamwambia aweke kidole.

Tangu usajili wa laini kwa alama za vidole uliposhika, na zile zisizosajiliwa kuanza kuzimwa Januari 2020, laini ya mtu hairudishwi mpaka mwenyewe aweke kidole chake, kilingane na kile kilichoko kwenye kitambulisho cha Taifa. Na kidole cha mwenye laini kilikuwa Kuala Lumpur kinabofya kompyuta. Binti akarudi Micheweni, akanunua laini yake mwenyewe, na kaka yake hakumwambia. Nilipomuuliza baadaye kwa nini, alinijibu, "Mjomba, angeniambia sijali vitu vyake. Halafu na yeye hakuuliza."

Kweli hakuuliza. Tangu Juni mpaka Januari. Mtu ataona ni uzembe tu, lakini mimi naona hapo ndipo penye somo zima la kisa hiki.

Miezi ambayo kila kitu kilionekana kizima

Kadi yenye chipu ukiichomeka kwenye ATM inataka namba ya siri tu. Haimtafuti mtu kwenye simu. Basi yeye kila wiki mbili alikuwa anakwenda kwenye mashine, anatoa ringiti, analipa chumba taslimu, anakula. (Pembeni: mashine za nje humuuliza mtu kama anataka akatwe kwa fedha ya kwao au ya pale. Chagua ya pale. Ukichagua ya kwenu, bei ya kubadilishia anaipanga mwenye mashine, na hatakupendelea.) Programu ya benki ilikuwa imeshaidhinishwa kwenye simu yake, anaifungua kwa uso wake na kuona salio. Fundi wa nyumba anayoijenga Micheweni alikuwa ameshalipwa Mei mpaka lenta, na kazi ilisimama hapo kusubiri hela ya bati. Kwa hiyo Julai, Agosti, Septemba, hadi Desemba, hapakuwa na jambo hata moja lililohitaji zile tarakimu sita. Laini imekufa, na maiti haina harufu.

Yakaja mawili pamoja. Desemba alinunua simu mpya, na programu ya benki kwenye simu mpya inataka uthibitisho upya. Akaomba tarakimu mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, hazikuja, mfumo ukamfungia. Hakushtuka, alidhani ni mtandao wa sikukuu, na kadi bado anayo. Kadi yenyewe usoni iliandikwa 12/24. Kadi ya benki hufa siku ya mwisho ya mwezi ulioandikwa. Tarehe 31 Desemba ilikuwa hai, tarehe 1 Januari ni kipande cha plastiki.

Benki ilikuwa imeshatengeneza kadi mpya tangu Novemba. Ilimtumia ujumbe aje tawini kuichukua. Ujumbe ulikwenda kwenye laini iliyozama.

Hapa benki nailaumu kidogo. Barua pepe yake walikuwa nayo kwenye faili na hawakuitumia. Namba yao ya huduma kwa wateja iliyoandikwa nyuma ya kadi ni ile ya bure inayoanza na 0800, ambayo ukiwa nje ya nchi haipigiki. Mtu aliyepotelewa na kila kitu Kuala Lumpur anapiga anasikia mlio wa kukatika. Mimi ndiye niliyemtafutia namba ya mezani ya tawi, inayoanza na +255 24, kwenye risiti ya zamani niliyokuwa nayo droo.

Wakati huo alikuwa na mambo matatu yanayomkimbiza. Kodi ya chumba. Kibali, ambacho kilikuwa kinamalizika mwisho wa Januari, na ili kukiongeza alitakiwa aoneshe taarifa ya akaunti ya miezi ya karibuni. Na bati, kwa sababu nyumba iliyoachwa wazi juu masika ikiikuta, fundi anaanza kuhesabu upya.

Kaunta, nikiwa upande wa pili

Ijumaa nilipanda gari ya 505 mapema, kabla mji haujaanza kujifunga kwa swala. Tawini nilimkuta binti wa makamo ya wanangu, mpole, ameshughulika. Nikamweleza. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Baba, nakuheshimu sana, lakini akaunti si yako. Siwezi hata kukwambia kama huyo mtu ni mteja wetu."

Nikamjibu amefanya vyema, ningekuwa mimi upande huo ningesema hayohayo. Akacheka. Baada ya hapo tukazungumza kwa njia ya mtu yeyote: mteja yeyote aliye nje, aliyepoteza laini, hufanya nini? Hapo alinisaidia sana. Wengi wanaokwenda benki kumwombea ndugu hugombana na mfanyakazi hapohapo mlangoni, wanatoka mikono mitupu. Ukiuliza utaratibu badala ya kuuliza akaunti ya mtu, utajibiwa.

Nikiwa nje, chini ya mwarobaini, nikaipiga ile namba ya zamani kwa kujaribu tu. Ikaita. Akapokea mama mmoja mwenye sauti nzito, yuko Kahama.

"Nani mwenzangu?"

Nikamwambia namtafuta mpwa wangu. Akasema namba hii kainunua dukani Novemba, na mpwa wangu huyo ana madeni, maana kuna fundi anamsumbua kila wiki kuhusu bati.

Basi likabadilika. Namba haikuwa imekufa tu, ilikuwa imeshapewa mtu mwingine, kama ilivyo kwa namba zinazokaa muda mrefu bila kutumika. Tarakimu alizokuwa akiziomba mpwa wangu Desemba zilikuwa zinalia Kahama. Mama yule mwema hakujua ni nini. Angejua, na angekuwa mtu wa aina nyingine, tungekuwa tunaandika kisa kingine. Kuanzia hapo kuirudisha laini halikuwa jambo la kufikiriwa tena. La kwanza lilikuwa kuing'oa ile namba kwenye akaunti.

Njia za mkato, na kwa nini nilizikataa

Mpwa wangu alikuwa na mawazo, na njaa huongeza mawazo. Alisikia yuko mtu Darajani anasajili laini kwa vidole vya wengine. Nikamwambia kusajili laini kwa kitambulisho kisicho chako ni kosa la jinai, na hata ingekuwa halali, namba iko Kahama. Akasema basi mdogo wake aende tawini akaichukue kadi mpya, yeye atampa namba ya siri. Hawatampa, na mimi sitaki wampe. Nilipokuwa kazini nimeona ndugu wa tumbo moja wakiapishana msikitini kwa sababu ya kadi iliyokaa mkononi mwa mmoja wao. Hakuna aliyeiba, lakini kila mmoja ana hesabu yake.

Akataka kushitaki Benki Kuu, ambayo ina tawi lake hapa Unguja. Nikamweleza kwamba utaratibu unataka ulalamike kwanza kwa maandishi kwenye benki yenyewe, na kwa ukweli wa mambo, alalamike nini? Kwamba wamekataa kumpa mtu asiyejithibitisha fedha zake?

Chakula kilipatikana kwa njia ya wazee wetu. Yuko mwenzake wa Chake Chake anasoma kule. Yule akampa ringiti, mimi nikampelekea mama yake shilingi Chake. Wiki tatu ziliendeshwa hivyo.

Saini ya mwaka 2016

Iliyobaki ilikuwa njia ya karatasi. Barua ya kuomba kubadilisha taarifa, fomu ya benki, nakala ya pasipoti, vyote vikatumwa kutoka kwenye ileile barua pepe iliyoandikwa benki. Hiyo, alhamdulillahi, ilikuwa bado inafunguka, na naweza kusema ndiyo iliyotuokoa. Afisa mmoja akampigia kwenye namba ya Malaysia, akamuuliza maswali: akaunti ilifunguliwa lini, tawi gani, jina la mama, malipo ya mwisho yaliingia kiasi gani na kutoka nchi gani. Alijibu yote. Wakakubali kumtumia taarifa ya akaunti kwenye barua pepe ileile, na kibali kikapona. Lakini fedha kutoka, hapana. Fomu ilirudishwa.

Sababu: saini hailingani.

Akaunti aliifungua mwaka 2016, akiwa mwanafunzi hapa Unguja. Saini aliyoiweka siku ile ni jina lake zima, herufi moja moja kama daftari la skuli, na mwisho wake kijimkia kinachopanda juu kama bendera ya dau. Tangu aanze kutia saini mikataba ya Wazungu kwenye kompyuta, saini yake imekuwa mstari mmoja uliopinda mara mbili. Aliponitumia picha ya fomu nilicheka, hata mimi ningeikataa. Kadi ya saini ndiyo uso wa mteja benki. Mtu hunenepa, hufuga ndevu, hubadilisha jina la mtaani, saini ile tu ndiyo inayotakiwa ikae.

Basi mtu mzima akakaa usiku mzima Kuala Lumpur anajifunza kuiga saini yake mwenyewe. Nilimpata mkataba wake wa zamani wa chumba cha Fuoni, wa 2017, nikampigia picha ile saini. Alinitumia majaribio kumi na mawili. La tisa lilikuwa na mkia unaofaa. Nikamwambia aache hapo, asiende mpaka kwenye la kuiba benki.

Fomu ya pili alikwenda nayo Ubalozi wetu wa Kuala Lumpur, akasaini mbele ya afisa, ikagongwa muhuri. Karatasi yenyewe, si picha, ililetwa na mwanafunzi aliyekuwa anarudi likizo, akanikabidhi mkononi, nikaifikisha tawini mwisho wa Januari. Namba ya Kahama ikang'olewa. Huduma za simu zikasimamishwa mpaka mwenyewe aje. Ila benki ikakubali kufanya kazi kwa maagizo ya maandishi yenye saini, na kumpigia kila agizo kabla ya kulitekeleza. Kwa agizo la kwanza walimlipa mwenye chumba wa Kuala Lumpur moja kwa moja kwenye akaunti yake. Kwa agizo la pili dada yangu alipokea hela ya bati. Ada ya kutuma nje ilimuuma, lakini alilipa.

Machi

Alikuja kumi la mwisho la Ramadhani. Kesho yake tu, kabla hata ya kwenda Pemba kumsalimia mama yake, tulikwenda tawini akaweka kidole. Akachukua kadi. Akasajili laini mpya kwa jina lake, na hii haiachi kwa mtu: inakaa tundu la pili la simu yake mwenyewe, huduma ya kuitumia nje ya nchi imewashwa, ina salio, na kila mwanzo wa mwezi anamtumia mama yake ujumbe mfupi kwa laini hiyohiyo ili isilale. Hela ya mama haitegemei tena mtu kukumbuka; benki ina maagizo ya kudumu, kila tarehe 3. Akafungua akaunti ya pili kwenye benki nyingine, ya shilingi, na kadi zake mbili hazifi mwaka mmoja. Saini aliibadilisha rasmi ikawa ule mstari uliopinda. Mimi nimepewa hati ya uwakili kwa mambo ya nyumba tu, fundi na vifaa, na kwa akaunti ile ya shilingi peke yake. Alitaka kunipa zote, nikakataa.

Wiki hiyohiyo, tarehe 28 Machi, zilitangazwa kanuni zinazokataza kupanga bei na kulipana kwa fedha za kigeni ndani ya nchi, na mjini watu wakaanza kuulizana kama akaunti za dola zitafungwa. Yeye akaja mbio. Nikamwambia kanuni zinasema bei na malipo ya hapa yawe kwa shilingi. Akaunti yake ya dola haikuguswa. Kilichonishughulisha mimi kilikuwa kodi. Kwa sheria yetu ya mapato, mwenye makazi ya kudumu nchini akikanyaga hapa hata sehemu ya mwaka tu huhesabika mkaazi, na mkaazi hutozwa kwa kipato chake cha dunia nzima. Yeye alidhani kukaa nje siku zaidi ya 183 kunamtoa. Na nyumba ya Micheweni sasa ina bati, huenda ikahesabiwa ndiyo makazi yake ya kudumu. Nikampeleka kwa mhasibu, huko sikuingia.

Amesharudi Kuala Lumpur. Fundi ndiye aliyebaki nyuma, maana kwenye simu yake bado ana ile namba ya zamani, na juzi kaituma tena hesabu ya misumari na plasta. Alinionesha jibu alilopata kutoka Kahama: "Mwanangu, mimi nyumba Pemba sina, lakini hiyo misumari naona umezidisha."